Mti wa Serikali Uliosukwa Rasta

...Akausuka, jamani! Nasema akausuka! Mti! Si mtu, mti! Mti wa serikali, wenye kibao chake rasmi, ukapigwa twende kilioni shinani na yebo yebo kileleni, na Waziri akaja mwenyewe akausifu kwenye kipaza sauti!

Haya, ngoja. Ngojeni kwanza. Kuna wenzetu hapa wanatoa macho, hata nchi yenyewe hawaijui.

Nchi inaitwa Jamhuri ya Tutafanya. Ni nchi nzuri, ya amani, na haifanani kabisa na nchi yoyote unayoifikiria sasa hivi, kwa hiyo acha kuifikiria. Katika mji mkuu wake kuna mtaa unaitwa Kikaango. Jina hilo halikutolewa na kikao. Lilikuja lenyewe, maana ikifika mchana lami ilikuwa inalainika mpaka unaacha kandambili barabarani na kuendelea na miguu.

Hapo Kikaango ndipo anapoishi Sikudhani, msusi. Mikono yake miepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Zamani alikuwa anasuka chini ya kipande cha bati, na mteja anasukwa huku anachemka. Kuna bibi harusi mmoja alizimia kwenye kigoda katikati ya kazi, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili timutimu, akapelekwa zahanati hivyohivyo. Harusi ilifungwa, lakini picha zote alipiga kwa ubavu.

Siku ya pili yake Sikudhani akachomeka mche wa mkungu, ule mti wa kivuli, mbele ya mlango. Akawa anaunywesha maji ya kuoshea vichwa vya watu. Mtaa mzima ukamcheka, na wa kwanza kucheka alikuwa jirani yake, Mama Chausiku, muuza vitumbua.

"Sikudhani mwanangu, unalima barabarani? Utavuna matairi!"

Mkungu ukatoa majani mapana kama sinia. Ukaanza kumwaga kivuli. Mama Chausiku akaacha kucheka, akapanda mwarobaini wake, akawa anaumwagia maji aliyolowekea mchele wa vitumbua. Wa nyumba ya pili akapanda mlangilangi. Mwingine akapanda maua kwenye matairi, mwingine kwenye mikebe ya rangi, na mzee mmoja kwenye sinki la kuogea ambalo hakuna aliyejua alilitoa wapi, kwa heshima hakuna aliyeuliza. Kabla watu hawajashtuka, Kikaango ikawa ya kijani mwanzo mpaka mwisho. Ndege wakahamia. Wateja wa Sikudhani wakawa wanatoka mitaa mingine kuja kusukwa, na wengine wakishamaliza hawaondoki, wanasinzia palepale.

Sasa hapo ndipo watu wa Kikaango walipokosea. Walipanda bila uzinduzi, bila kamati, bila mgeni rasmi. Hata fulana hawakuchapisha! Na kule Tutafanya, jambo lililofanyika bila fulana bado halijafanyika.

*

Msidhani serikali ilikuwa imelala. Ipo Wizara nzima ya Kijani, ina jengo refu, na vioo vyake vyote ni vya kijani. Ukiwa ndani ukichungulia nje, nchi yote ni ya kijani: barabara kijani, vumbi kijani, mbuzi kijani. Ndiyo maana ripoti za Wizara huwa nzuri sana.

Na kabla hata Sikudhani hajachomeka mkungu wake, Waziri wa Kijani, Mheshimiwa Dokta Kirumbuyo, alikuwa ameshakuja Kikaango kupanda Mti wa Mfano. Bendi ilipiga, utepe ulikatwa, risala ikasomwa mpaka msomaji akaletewa kiti. Mheshimiwa akavua koti, akachukua mche, akaufukia na kiriba chake. Ndiyo, na kile kifuko cheusi cha nailoni! Mabwana miti wanne walikuwa wamesimama pale. Wote wakaona. Wote wakapiga makofi. Mgeni rasmi hakosolewi. Anaweza tu kupongezwa kwa namna tofauti.

Mti ukakauka wiki ileile. Kikabaki kijiti. Lakini kusema umekauka ni kosa kisheria, neno rasmi ni "umepumzika". Gari la maji la Jiji likawa linakuja kukimwagilia kile kijiti, linapita katikati ya mtaa uliokuwa hauna maji, dereva anapunga mkono.

Siku ya siku akatokea Bwana Mkumbukwa, Afisa Mwandamizi wa Vivuli. Jasho linamtiririka, koti hajalivua, kwapani ana waraka.

"Habari za hapa, dada."

"Nzuri, kaka Mkumbukwa. Karibu kivulini."

"Nimekuja kikazi, sikai vivulini," akasema, akakaa kivulini. Akafungua waraka, akajipepea nao kidogo, ndipo akausoma. "Kwa kuwa Mti wa Mfano ndio mama wa miti yote ya mtaa huu, na kwa kuwa mtoto hampiti mama yake kimo, hivyo basi, mti wowote unaouzidi Mti wa Mfano utashushwa kabla ya Jumamosi, siku ambayo Mkuu wa Nchi atautembelea."

Sikudhani akasimamisha kitana kichwani mwa mteja. "Kushushwa mpaka wapi?"

Bwana Mkumbukwa akatoa futi mfukoni, akavuka barabara, akakipima kile kijiti, akarudi. "Magotini."

"Magoti ya nani?" akauliza Mama Chausiku kutoka kwenye kikaango chake.

"Yangu," akasema Bwana Mkumbukwa, kwa fahari kabisa.

Hapo mzaha ukamtoka Sikudhani. Akautazama mkungu wake juu mpaka chini. "Kaka, nikiukata huu mpaka magotini, wateja wangu watakaa chini ya nini?"

"Watakaa chini ya sheria."

"Lile jua unalijua, lakini."

"Dada, mimi nakuelewa. Moyoni mimi ni mtu wa kivuli. Lakini waraka umesema usiuzidi. Haukusema kingine chochote. Mti wa Mfano ungekuwa mrefu kuliko huu, leo ningekuja kukupa cheti."

"Kwa hiyo ule ukikua, huu hamkati?"

"Serikali haijawahi kukataza kitu chake kukua," akasema Bwana Mkumbukwa. Akainuka, akashukuru kwa kivuli, akapiga alama ya X nyekundu kwenye shina la mkungu, akaaga vizuri.

*

Alipoondoka, Sikudhani akaweka kitana chini. Yule mteja wake aliogopa, maana hajawahi kumwona anaacha kichwa katikati. Halafu akamwona anavuka barabara, anakizunguka kile kijiti, anakishika ncha kwa vidole viwili kama anavyoshika nywele za mtu anayetaka kujua kama zinasukika.

"Zinasukika," akasema.

"We Sikudhani!" Mama Chausiku akaacha vitumbua vinaungua. "Huyo ana kipara! Kipara unakisuka wapi?"

"Mama, wangapi nimewasuka hawana kitu? Yule karani wa juzi alikuja na nywele kama punje za pilipili manga. Alitoka hapa zinamgusa kiuno. Mumewe alimpisha mlangoni, akamwambia karibu mgeni."

"Yule ni mtu!"

"Na huyu ni wa serikali. Ana hadhi zaidi."

Basi, ukawa ushirika. Kikaango ina tabia moja: mgeni akija na shati limechanika, hasemwi, anashonewa huku anaongeleshwa mambo mengine. Wakaona na Waziri vilevile asitiriwe tu, yaishe. Wakaleta bomba la pazia, Sikudhani akaliunga kwenye kijiti kwa uzi. Juu ya bomba wakaunga mwanzi. Juu ya mwanzi, antena ya televisheni ya yule mzee wa sinki. Halafu Sikudhani akaanza na rasta za kijani, anatandika, anakaza, anapinda, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama akipewa kichwa kigumu. Chini twende kilioni, ili shina lionekane nadhifu. Kati mabutu, yawe matawi. Juu yebo yebo, zimwagike. Na ndani ya kila msuko akachomeka majani ya mkungu wake, mabichi, yanang'aa. Mwisho akaupaka mafuta ya nazi.

Mti ukaupita mkungu. Wanawake wakarudi nyuma kuutazama, na Mama Chausiku akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hata mimi hujawahi kunisuka hivi."

Bwana Mkumbukwa alipokuja na vijana wa misumeno, aliutazama mpaka kofia ikamdondoka. Aliona antena, maana ndege alikuwa amekaa juu yake. Aliona rasta, maana mke wake anazo za namna hiyohiyo. Akatoa futi. Akapanda ngazi. Akapima. Akashuka, macho yamejaa machozi.

"Umekua," akasema, "kwa mujibu wa waraka."

Misumeno ikarudishwa garini.

*

Jumamosi Mkuu wa Nchi akaja na msafara ambao gari la kwanza lilifika wakati la mwisho bado halijatoka nyumbani. Meza kuu iliandaliwa chini ya Mti wa Mfano, lakini Mti wa Mfano haukuwa na kivuli chochote, kivuli chake kilikuwa kama cha kamba ya kuanikia. Itifaki ikahangaika kidogo. Mwisho wakubwa wote wakahamishiwa chini ya mkungu wa Sikudhani. Wakaketi pale kwa raha, wameupa mgongo, wakaanza kuusifu ule mwingine.

Mheshimiwa Kirumbuyo akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa wahusika wameshakamatwa. Mti huu nilipoupanda, ulinitazama. Nikautazama. Tukaelewana! Maadui zetu walisema hautaota. Leo wako wapi? Na mti uko wapi? Uko pale! Na wao? Hawako pale!"

Makofi. Jani moja likachomoka kwenye msuko, likaja likipepea taratibu, likatua kwenye kiatu cha Mkuu wa Nchi. Watu wakaacha kupumua.

"Linakusalimia, Mheshimiwa," akasema Waziri.

Vigelegele! Mama Chausiku ndiye aliyepiga cha kwanza na kirefu kuliko vyote, ili mtu asipate nafasi ya kuangalia lilikotoka.

Mkuu wa Nchi akaliinua lile jani, akalinusa. Nazi. Akasogea karibu na mti. "Nani anautunza huu?"

Mikono hamsini ikamsukuma Sikudhani mbele. Alikuwa amejiandaa kusema maneno ya kitaalamu ambayo Bwana Mkumbukwa alimkaririsha, photo nini sijui, lakini alipoona ile miwani nyeusi inamtazama, maneno yote yakamkimbia, yakabaki ya kazini kwake.

"Baba, tunautia mafuta ya nazi mara mojamoja. Ukitaka kulala tunaufunga kitambaa. Rasta... majani yake yakichoka, unafumuliwa, unapumzishwa kidogo, unasukwa upya."

Bwana Mkumbukwa akafumba macho.

"Mmesikia?" Mkuu wa Nchi akawageukia wataalamu wake. "Wazungu wamewahi kuwaambia hivyo? Hii ndiyo sayansi yetu wenyewe!" Akapiga makofi, kwa hiyo nchi nzima ikapiga makofi. Akamshika Waziri bega. "Kirumbuyo, mti huu uwe hivi siku zote. Nisije nikasikia una jani kavu hata moja."

Waziri akamtazama Bwana Mkumbukwa. Bwana Mkumbukwa akamtazama Sikudhani. Sikudhani hakuwa na wa kumtazama, akautazama mkungu.

*

Maana, wapenzi, jani lililochumwa linakauka. Hilo halihitaji shule.

Kila asubuhi ikawa Bwana Mkumbukwa yupo mlangoni. "Dada, samahani. Upande wa kusini umeanza kupumzika." Sikudhani anapanda kwenye mkungu, anachuma majani mabichi, anakwenda kumvisha yule mwenye kipara. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mkungu ukaanza kuonyesha mbavu. Kivuli kikaingia matobo. Wateja wakawa wanasukwa huku wanahamahama na kigoda kutafuta doa la baridi, na mmoja akaondoka kabisa, akasema akachemke mtaani kwake, angalau huko hapandi basi.

Mama Chausiku akaja na kitumbua mkononi, akasimama chini ya tawi tupu.

"Sikudhani, mwanangu. Sasa si wangeukata tu siku ile? Yangekuwa yameisha. Hivi sasa unauua mwenyewe, tena taratibu."

Sikudhani alikuwa juu ya mti, mkono umeshika jani. Aliliachia lile jani. Akashuka, akachukua kitana na wembe, akavuka barabara.

Akafumua. Mchana kweupe, mtaa mzima unatazama. Zikashuka yebo yebo, yakashuka mabutu, ikashuka antena, na yule mzee wa sinki akaidaka, alikuwa amekosa mpira misimu mizima. Ukatoka mwanzi, likatoka bomba. Kikabaki kijiti. Sikudhani akakishika, wala hakuvuta, kikatoka chenyewe na kiriba chake chini, kizima, kama kimetoka kitaluni leo.

Kilichobaki pale ni kibao tu: MTI WA MFANO. UMEPANDWA NA MHESHIMIWA DOKTA KIRUMBUYO. USIGUSE. Akaking'oa nacho. Akavuka nacho barabara, akakifunga kwenye shina la mkungu, juu kabisa ya ile X nyekundu, kwa rasta za kijani na fundo la msusi, lile ambalo hata mwenyewe hulifungua kwa wembe.

Bwana Mkumbukwa akatokea anakimbia. "Dada! Mheshimiwa yuko njiani! Umefanya nini?"

"Nimefumua. Mkuu wa Nchi mwenyewe si alipiga makofi?"

"Na Mti wa Mfano uko wapi?"

"Si huo hapo? Una kibao."

Bwana Mkumbukwa akasoma kibao. Akautazama mkungu. Akasoma tena kibao. Ungemwona, ungemhurumia, alikuwa anatafuta uongo uko wapi na hauoni. "Kibao," akasema polepole, "hakijawahi kukosea."

Waziri akashuka garini, akasoma kibao, akaukumbatia mkungu. "Umenenepa!" akasema. "Niliwaambia, tulielewana!"

Mtaa mzima ukashusha pumzi. Mkungu umepona! Haukatwi, hauchumwi, na hakuna wa kuugusa. Mama Chausiku akaanza kucheza.

"Naam, hakuna wa kuugusa," akasema Waziri. "Leteni seng'enge."

*

Ndiyo. Wakauzungushia. Mkungu wa Sikudhani, mbele ya mlango wa Sikudhani, seng'enge inapita kwenye kizingiti chake. Ndani wakamweka mgambo mmoja na kiti chake, akae chini ya kivuli kukilinda. Majani yakaanza kurudi, mapana, mazuri, mgambo anasinzia. Nje Sikudhani anasuka juani na mwavuli kaufunga mgongoni kwa kanga.

Lakini alasiri, jua lilipoinama, kivuli kikaanza kusogea. Kikafika kwenye seng'enge, kikapita, hakikuonyesha kitambulisho. Sikudhani akakitazama kinakuja mpaka miguuni kwake. Akaufunga mwavuli. Akavuta kigoda.

Mgambo akashtuka usingizini, akapiga filimbi. "We dada! Hicho kivuli ni cha serikali!"

"Basi kirudishe ndani."

Akaitwa Bwana Mkumbukwa na futi yake. Akakipima kivuli, akaagiza vigingi, vijana wakaanza kukizungushia. Kigingi cha mwisho kilipoingia, kivuli kilikuwa kimeshatoka, kiko kwa Mama Chausiku. Wakang'oa, wakakimbilia kwa Mama Chausiku. Kikapanda ukuta. Wakaita ngazi. Sikudhani na mteja wake wanakifuata na kigoda, hatua kwa hatua, msuko haukatiki, na nyuma yao wateja wengine na wanawake wa Kikaango wanacheka mpaka wanakaa chini. Waziri akaja mwenyewe kusimamia zoezi, anaelekeza kwa fimbo, "Kizuieni mbele! Mbele!" Halafu jua likazama.

Kivuli hakipo. Wakatafuta kwa tochi. Walipowasha tochi, vikatokea vingi, kila mtu na chake, ikawa vurugu zaidi.

"Mali ya umma imepotea," akasema Waziri. "Nani alikuwa nayo mara ya mwisho?"

Futi ya Bwana Mkumbukwa ikamwelekea Sikudhani, mwenyewe kaangalia pembeni. Sikudhani akapewa amri palepale: mpaka kesho saa tatu asubuhi awe amekirudisha kivuli, kizima, pale alipokitoa, na gari la Wizara litakuja kumchukua.

Mama Chausiku akaangua kilio. Sikudhani akafuta wembe wake kwenye kanga, akamalizia msuko wa mwisho, akamjibu Waziri kwa adabu zote, "Nitakirudisha, Mheshimiwa. Bila hata kuchelewa." Akaingia ndani, akalala fofofo, maana amekaa chini ya mkungu ule asubuhi nyingi, anajua jua likichomoza kivuli kinarudi chenyewe.

Kesho, kikisharudi, njooni niwaambie kama alikamatwa au alipewa nishani. Leo siwezi kusema, maana kule Tutafanya gari linalokuja kumchukua mtu kwa hayo mawili ni lilelile.